Thamini, Enzi na Jali

Vitenzi thamini, enzi na jali hutumiwa na wengi kana kwamba ni visawe. Katika sehemu hii ya mhadhara ninakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba tofauti yao yaweza kumgharimu mtu haki yake.

Tuseme mtaalamu wa ardhi amefika Berega, wilayani Kilosa, kukagua shamba linalohitajika kwa mradi wa umma. Anamwambia mzee mwenye shamba: “Shamba lako limekwisha kuthaminiwa.” Mzee, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikaguru, huenda akasikia sifa, mtaalamu amekusudia bei. Thamini, thamani na tathmini yote yana asili ya Kiarabu, katika neno lihusulo bei, na maana ya heshima imejengwa juu ya msingi huo. Ndiyo maana fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka, inayotajwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, humhitaji mthamini.

Enzi nalo limetoka katika Kiarabu, lakini katika neno la nguvu na utukufu. Kwa hiyo twasema kiti cha enzi. (Lisichanganywe na mwenzi, ambalo ni la Kibantu.) Mwalimu Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, na kila Oktoba husikika wito wa kumuenzi, yaani kuyaendeleza kwa vitendo yale aliyoyasimamia. Anayethamini aweza kuishia moyoni. Anayeenzi hutazamiwa atende.

Jali halidai bei wala utukufu, bali uangalifu. Muuguzi wa hospitali ya Berega humjali mgonjwa asiyemfahamu hata kwa jina.

Kipimo chepesi ni kuongeza kiasi cha fedha. “Shamba limethaminiwa kwa shilingi milioni nne” ni sentensi sahihi. Tukiweka limeenziwa au limejaliwa mahali pake, maana huharibika. Kaburi la babu lililomo shambani humo huenziwa. Fidia ya kulihamisha haiwi bei yake.

Basi mtaalamu na aseme waziwazi: “Shamba lako limekadiriwa fidia ya kiasi hiki.” Naye mzee, kabla ya kutia saini, aulize: “Limethaminiwa kwa kiasi gani?” Neno hilo dogo, kwa, ndilo litakalotenganisha bei na sifa.