Laptopu kuukuu Ggaba: daftari la madeni litolewe kabla programu haijaingia

Ggaba, Kampala. Mzigo wa dagaa ukishuka mwaloni Ggaba, hesabu huanza kabla gunia la kwanza halijapanda gari. Nani kachukua magunia mangapi, kalipa kiasi gani, salio atalileta lini. Dagaa hao huitwa mukene hapa na omena kule Kisumu, lakini deni ni deni kila upande wa mpaka.

Kwa mfanyabiashara anayeweka madeni hayo kwenye laptopu yenye Windows XP, mashine yenyewe haina ubaya. Inawaka, inajumlisha, inachapa. Taabu huanza siku anapotaka kuiongezea kitu: programu ya kufungua orodha ya bei iliyotumwa na mteja wa ng'ambo ya mpaka, au kivinjari cha kuingilia akaunti ya benki.

XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft iliacha kuipa viraka vya usalama Aprili 8, 2014. Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 49, la mwaka 2016. Firefox iliishia toleo la 52, nalo likaachwa 2018. Tovuti nyingi za benki na serikali leo hutumia njia mpya za kuficha nywila zisisomwe njiani, na kivinjari kilichokuja na XP hakizijui. Ukurasa unapokataa kufunguka, wengi hudhani bando limekwisha.

Wakati mwingine kosa ni la saa. Ndani ya laptopu mna betri ndogo inayotunza tarehe umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na tovuti hukataa kwa sababu hati zao za usalama zinaonekana bado hazijaanza kutumika. Baya zaidi kwa mwenye duka, deni la jana huandikwa tarehe ya zamani. Betri hiyo ni kitu cha bei ndogo, ibadilishwe kwanza.

Kisha kuna ujumbe unaowachosha watu: kwamba faili si programu halali ya Win32. Mara nyingi maana yake ni kuwa programu ni mpya mno, au imetengenezwa kwa mashine za biti 64 wakati XP nyingi ni za biti 32. Kubofya mara kumi hakusaidii. Linalotakiwa ni toleo la umri wa mashine. LibreOffice 5.4, ya mwaka 2017, ndiyo ya mwisho kukubali XP, nayo inatosha kabisa kwa majedwali ya hesabu na barua. VLC 3 inacheza video, 7-Zip inafungua mafaili yaliyobanwa. Zote tatu ni za bure, mradi XP iwe na nyongeza ya tatu, ile iliyotoka 2008.

Zichukuliwe wapi? Kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, kwa kompyuta nyingine iliyo salama, kisha ziletwe kwa flashi iliyofutwa na kukaguliwa. Flashi inayozunguka kutoka duka moja la kuchapa hadi jingine ni hatari. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilienea kwa njia hiyo pia. Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili duniani kote na kudai fidia. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa XP iliyokuwa imeshaitelekeza.

Kwa hiyo mashine ya XP isiunganishwe na intaneti. Ibaki na hesabu. Benki na risiti za kielektroniki za EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato Uganda, zifanywe kwa simu au kompyuta mpya. Anayelazimika kuingia mtandaoni kwa laptopu hiyohiyo anaweza kuwekewa Linux nyepesi kama antiX, ambayo bado ina toleo la biti 32. Ila programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows huenda isifunguke humo, na hilo lijaribiwe kabla ya kufuta chochote.

Suala hili haliishii kwa wenye XP. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na Windows 10 ilifikia kikomo chake cha kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo hata laptopu inayoonekana ya juzi inaingia foleni hiyohiyo.

Fundi mwenye haraka atasema mashine ifutwe yote, aanze upya. Asubiri. Daftari la madeni linakiliwe kwenye flashi mbili, moja ibaki dukani, nyingine ipelekwe nyumbani. Kisha nakala zote mbili zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mpaka salio la mteja wa mwisho lionekane kwa macho. Hapo ndipo fundi apewe laptopu.