Motokaa Inyamazapo Haijazimika

Miongoni mwa motokaa zilizokwisha tumika Japani, zikaletwa kwetu kupitia bandari ya Dar es Salaam, zimo zenye mitambo miwili: injini ya petroli na mota ya umeme. Nazo huitwa haibridi. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Toyota Prius, iliyotolewa Japani mwaka 1997. Mnunuzi huambiwa kwamba itakwenda kwa umeme peke yake, wala haelezwi kuwa umeme huo una masharti. Tumeona yafaa tuyabainishe, hasa kwa watu wa nchi ya milima kama Gwarama, Kibondo na Kasulu. Tunazungumza juu ya zile zisizochomekwa katika umeme wa nyumbani.

Nyingi kati ya hizo zina kibonyezo kilichoandikwa EV. Dereva akikibonyeza, motokaa hukubali ikiwa betri ina umeme wa kutosha, mwendo ni mdogo na mguu wa dereva ni mwepesi. Hata hapo, safari ya umeme mtupu haizidi sana kilomita 1 au 2. Sharti moja likivunjika, injini huamka yenyewe.

Basi asubuhi ya baridi katika nyanda zetu, mtu asishangae kibonyezo kikikataa: injini yataka kupata moto kwanza. Akianza kupanda mlima, mguu hulemea, na petroli huingia kazini. Huo si ubovu. Akiteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kuijaza betri. Lakini betri iliyojaa haipokei tena. Kwa hiyo katika mteremko mrefu na aweke gia ya B, ili injini isaidie kuzuia mwendo, breki zisiungue.

Tena, katika aina nyingi betri kuu hukaa nyuma, na tundu la kuipooza kwa hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Gunia la maharage likiliziba, betri hupata joto, na umeme hupungua kazi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni ule ukimya. Mtoto anayecheza njiani, au kipofu mwenye fimbo yake, hutegemea mngurumo apate kujihadhari. Kwa sababu hiyo mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni ya kuzitia motokaa hizi sauti zinapokwenda polepole. Nyingi za zamani hazina sauti hiyo. Dereva na aende taratibu, apige honi.

Hatari ya pili imo nyumbani. Motokaa imesimama, haisikiki, na mwenyewe hudhani ameizima. Kumbe taa ya READY ingali inawaka. Betri ikipungua, injini hujiwasha ndani ya banda lililofungwa, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huko Marekani watu wamekufa majumbani mwao kwa kusahau kuzima motokaa zinazowashwa kwa kibonyezo.

Kwa hiyo, enyi wazazi, wafundisheni vijana wenu wanaoendesha: weka gia ya P, vuta breki ya mkono, bonyeza kizimio, kisha tazama taa ya READY mpaka izimike. Sikio lisiaminiwe hapa. Jicho ndilo shahidi.