Wadukuzi, LUKU na friji ya dawa: umeme ukikosekana, mgonjwa nyumbani atunzwe vipi?

Julai 2023 nchini Kenya, mfumo wa huduma za serikali kwa mtandao uitwao eCitizen ulishambuliwa na wadukuzi. Hakuna waya uliokatwa wala nguzo iliyoangushwa. Wadukuzi waliufurika mfumo kwa maombi ya uongo, mengi kwa wakati mmoja, hadi maombi ya watu wa kweli yakakosa nafasi. Siku hizo hizo wananchi walilalamika kwamba wanashindwa kulipia umeme na kutuma pesa kwa simu.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu tukisikia "shambulio la mtandao kwenye umeme" tunafikiria mtu wa mbali anabonyeza kitufe na nchi nzima inaingia giza. Hilo limewahi kutokea, nami nitalieleza. Lakini kwa familia ya Bukoba au Muleba yenye mgonjwa wa kisukari, njia fupi zaidi ya kukosa umeme ni mfumo wa malipo kugoma. Johannesburg, Afrika Kusini, Julai 2019, kampuni ya umeme ya jiji, City Power, iliingiliwa na programu inayofunga mafaili ili mwenye nayo adai pesa. Wateja wa malipo ya kabla wakashindwa kununua umeme ingawa nyaya zilikuwa nzima. Hapa kwetu, Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Hiyo ilikuwa hitilafu ya mfumo, si wadukuzi, lakini kwa mwenye dawa ndani ya friji usumbufu ni uleule.

Umeme unazimwaje kwa kompyuta?

Mitambo mikubwa ya umeme haiwashwi tena kwa mkono kila mara. Mtu anakaa kwenye chumba cha udhibiti, anaangalia kompyuta, anafungua na kufunga njia za umeme zilizo mbali naye. Anayeingia kwenye kompyuta hiyo anaweza kufanya vilevile. Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi walizima umeme kwa wateja wapatao 225,000 kwa saa kadhaa. Waliingia miezi kabla ya hapo, kwa barua pepe yenye faili la kawaida ambalo wafanyakazi walilifungua. Siku yenyewe, wafanyakazi waliona mishale ya kompyuta zao ikitembea yenyewe na kuzima vituo kimoja baada ya kingine. Wadukuzi walifurika pia simu za huduma kwa wateja ili wananchi wasiweze kutoa taarifa. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda kwenye vituo na kuwasha kwa mikono.

Kwetu Kagera umeme ukikatika, mara nyingi ni radi, upepo au mti ulioangukia waya. Tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi mkoa wetu umetegemea umeme wa Uganda unaopita Masaka hadi Kyaka, Misenyi. Tatizo likitokea ng'ambo, sisi tunalisikia huku. Vyovyote iwavyo, maandalizi ya nyumbani ni yale yale.

Uniti na pesa

Zile tarakimu 20 unazoingiza kwenye mita zinasomwa na mita yenyewe. Uniti ukishaziingiza hazipotei hata mfumo wa kununua ukilala wiki nzima. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa anayetegemea umeme isisubiri mita ianze kulia ndipo inunue. Najua wengi tunanunua ya elfu moja, elfu mbili. Basi hata hivyo, nunua kabla hazijaisha, na weka pesa kidogo mkononi, kwa sababu siku mfumo wa LUKU unapogoma, huenda hata pesa za kwenye simu zisitoke. Na wakati kama huo matapeli huwa hawalali. Ukipata ujumbe unaokutaka utume pesa au namba ya siri ili mita yako isifungwe, usijibu. Utume kwenda 15040.

Insulini

Hapa ndipo watu wanaumia bila sababu. Nimekuta mgonjwa ameacha kuchoma insulini siku mbili kwa kuwa "friji ilizima, dawa imeharibika." Kuacha insulini kunaweza kumuua mgonjwa haraka, hasa mtoto na kijana. Kuikosea joto kidogo hakumuui.

Chupa ambayo bado haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Lakini chupa unayoitumia sasa, kwa aina nyingi za insulini, inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi mahali pawe na ubaridi, pasizidi nyuzi 25 hadi 30. Hali ya hewa ya Bukoba inatusaidia sana. Mwenzetu wa Dar es Salaam hana bahati hiyo. Usiiweke dirishani, juu ya kabati karibu na bati, wala mfukoni unapolima.

Kwa chupa za akiba, chukua chungu kikubwa cha udongo na kingine kidogo. Weka mchanga kati yao, umwagie maji asubuhi na jioni, kisha weka dawa kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu kidogo na ufunike kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo. Usiilaze insulini juu ya barafu: iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka. Ile inayopaswa kuwa safi kama maji, ukiiona ina ukungu au chembechembe, usiichome. Njoo kituoni upewe nyingine, usikae nyumbani bila dawa.

Chanjo ya mtoto

Mama huniuliza, "Nesi, jana umeme ulikatika, chanjo bado ni nzima?" Swali zuri. Friji za chanjo zimetengenezwa kushika ubaridi kwa muda, na vituo vingi hutumia za sola. Zaidi ya hapo, chupa nyingi za chanjo zina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa; ukifanana nalo au ukizidi weusi, inatupwa. Mwombe muuguzi akuonyeshe. Usimkoseshe mtoto kliniki kwa sababu ya giza la jana.

Maji, chakula, moshi

Pampu za maji ya bomba zinahitaji umeme, hivyo bomba huweza kukauka muda mfupi baada ya taa kuzima, na watu wakarudi ziwani. Maji ya ziwa yachemshwe hadi yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya kutibu maji. Kuyachota ukiwa umezama magotini kunaleta kichocho, na kuchemsha hakuzuii hilo.

Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne, na friza iliyojaa hadi siku mbili. Sangara, maziwa na nyama zilizopita hapo usizionjeonje. Senene zilizokaushwa vizuri hazina shida. Zile mbichi za kwenye friza zihesabu kama nyama.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, angalau hatua nane. Moshi wake, sawa na wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Watu wawili nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, toka nje nao kwanza, maswali baadaye.

Na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize kituoni.

Karatasi bado ina kazi

Mei 2017 shambulio liitwalo WannaCry lilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza na maelfu ya miadi ikafutwa. Vituo vyetu navyo sasa vinaandika wagonjwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo tunza kadi ya kliniki, na uandike kwenye daftari jina la kila dawa, kipimo chake, tarehe ya kurudi na namba yako ya faili. Picha kwenye simu ni nzuri hadi chaji iishe. Mkaazi wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire au Goziba, aandike pia namba ya mwenye boti.

Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani asingoje umeme urudi. Apange mapema na kituo chake apate mtungi wa oksijeni, kwa kuwa huo hauhitaji umeme, na ndugu wajue nani atamsafirisha usiku.