Gunia la Lumbesa Ndani ya Kompyuta

Mpeleke mtaalamu wa programu za biashara sokoni Mwanjelwa, Mbeya, umpe kazi ya kuandika mauzo ya viazi mviringo ya siku moja. Atakwama kwenye kipimo. Mkulima wa Uporoto ameuza kwa gunia, tena lumbesa, lililoongezewa kipande juu na kushonwa mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria. Mwenye stoo anauza kwa debe. Mama mwenye genge anapimia wateja kwa sado, na mwenye mgahawa anataka kilo. Mzigo ni uleule, vipimo vinne.

Programu nyingi za biashara zimeandikwa na watu ambao kwao kipimo hakibadiliki: dazani ni 12, tani ni kilo 1,000, basi. Odoo ni mojawapo. Mbelgiji Fabien Pinckaers aliitoa mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, baadaye ikaitwa OpenERP, na tangu 2014 inajulikana kama Odoo. Inashughulikia mauzo, manunuzi, stoo na ankara. Toleo lake la jamii ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Lipo pia toleo la kulipia, lenye masharti tofauti, na mfanyabiashara aulize mapema anauziwa lipi.

Ruhusa ya kubadilisha ina hatari yake. Fundi akichokonoa kiini cha programu, toleo jipya likija kazi yake inafutika au inagongana na msimbo mpya. Moduli zinaepusha hilo. Moduli ni folda yenye faili la utambulisho, linalotaja jina lake na moduli nyingine inazozitegemea, pamoja na mafaili ya Python yanayoeleza cha kuongeza. Moduli ya viazi, kwa mfano, haigusi msimbo wa stoo hata kidogo. Inaagiza tu kwamba pale mzigo unapopokelewa, pawe na nafasi ya uzito halisi. Ikishasakinishwa, safu moja inaongezeka kwenye jedwali la hifadhidata, na karani anakuta kisanduku kipya kwenye skrini yake.

Kisanduku hicho kina pesa ndani yake. Tuseme lori limeshusha magunia 40, na kompyuta imeambiwa gunia ni kilo 100. Mizani ikisoma wastani wa kilo 120, kuna kilo 800 zisizoonekana kwenye hesabu. Kwa mnunuzi ni nyongeza ya bure. Mkulima amezilima, amezivuna, hajalipwa. Moduli ikitunza idadi ya magunia na uzito wake pamoja, bei ikakokotolewa kwa kilo, dhuluma hiyo inabaki kwenye maandishi. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko chati zote za rangi ambazo wauzaji wa programu hupenda kutuonyesha. Debe ni gumu zaidi, maana linapima ujazo: debe la mahindi na debe la viazi hayana uzito mmoja, kwa hiyo kila bidhaa iwekewe kiwango chake, na mizani iwe na kauli ya mwisho.

Halafu kuna risiti. Mamlaka ya mapato, TRA, ilianzisha mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010, na duka lililosajiliwa VAT lina kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha kutoza. Hayo nayo ni mambo ya moduli. Naamini moduli ya risiti ingeandikwa mara moja, ikaachwa wazi, mwenye duka wa Iringa akaichukua bila kuilipia upya.

Afrika Mashariki si ngeni kwa njia hii ya programu huria. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na imejengwa hivyohivyo: kiini kimoja, kila hospitali ikiongeza moduli inazozihitaji. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kinachobaki ni matunzo. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka, na moduli ya lumbesa lazima ipimwe upya kila linapotoka, na mtu anayeujua msimbo na anayeijua sado. Jijini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, chenye vijana wanaosomea kompyuta. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaweza kuchangia malipo ya kijana mmoja, kama wanavyochangia nauli ya lori moja la kwenda Dar es Salaam.