Ukipogoa Miti, Jihadhari na Nyigu



Ukipita mashambani Rhotia utaona migrivelia imepangwa mipakani mwa mahindi, maharage na mbaazi. Mti huu tunaupenda. Hutupatia kuni na mbao, na ukipogolewa vizuri haufuniki mazao kwa kivuli. Lakini katika matawi hayohayo nyigu hujenga makao yao. Mtu hupanda na panga mkononi, hukata tawi bila kuliangalia, na kabla hajajua kilichotokea ameshaumwa.

Wengi wetu huona jambo hili ni dogo. Mara nyingi ni kweli: maumivu makali, uvimbe na muwasho, kisha siku mbili tatu yamekwisha. Lakini kwa watu wachache nyigu mmoja tu anatosha kuua. Familia ikijua dalili mapema, itamwokoa.

Nyigu na nyuki

Nyigu, ambaye wengine humwita dondola, ana kiuno chembamba. Hutafuna mti, huuchanganya na mate na kutengeneza vyumba vinavyofanana na karatasi, vikining'inia kwenye tawi au chini ya paa. Haachi mwiba wake mwilini, kwa hiyo mmoja anaweza kuuma mara nyingi. Nyuki huuma mara moja na kuacha mwiba wenye kifuko cha sumu. Sehemu hiyo hutoa harufu inayowaita wenzake, ndiyo maana kundi zima huja.

Kabla ya kupanda

Zunguka mti na utazame juu kwa dakika chache. Ukiona wadudu wanaingia na kutoka mahali pamoja, uache mti huo. Angalia pia kama kuna mzinga karibu. Vaa shati la mikono mirefu, suruali na viatu. Usifanye kazi hiyo peke yako. Awepo mtu chini.

Usiwachome nyigu kwa petroli. Moto huo huunguza watu na mashamba. Tena nyigu hukamata viwavi na kuwalisha watoto wao, hivyo kama hawako njiani ni afadhali kuwaacha.

Ukiumwa ukiwa juu

Angusha panga mahali pasipo na mtu, kisha shuka bila kuruka. Kuanguka kunaweza kukuumiza kuliko nyigu wenyewe. Ukifika chini, funika uso, ukimbie mpaka ndani ya nyumba au mpaka waache kukufuata. Usiwapigepige.

Kama ni nyuki, toa mwiba mara moja, kwa kukwangua au kwa kucha. La muhimu ni haraka. Vua pete kabla vidole havijavimba, osha kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa chenye maji baridi.

Dalili za hatari

Tuchukue mfano wa baba aliyeumwa na nyigu mmoja shingoni. Anasema, "Ngoja nimalizie tawi hili." Baada ya dakika kumi viganja vinamwasha, macho yanavimba na kizunguzungu kinaanza. Akiwa bado juu, ataanguka. Akienda kulala nyumbani peke yake, anaweza kukutwa hapumui. Na huenda baba huyo alishaumwa mara nyingi zamani bila tatizo. Mwili unaweza kubadilika: kuumwa kwa zamani ndiko huuandaa kwa mzio, yaani aleji.

Mpelekeni hospitali mara moja mkiona dalili hizi:

- vipele vinavyowasha mbali na pale alipoumwa;
- midomo, ulimi au uso kuvimba;
- sauti kukwaruza, kifua kubana au kutoa mlio kama filimbi;
- kutapika, tumbo kunyonga, kizunguzungu au kuzirai.

Msingoje zote zitokee. Mlazeni chali, miguu ikiwa juu kidogo. Akishindwa kupumua, mwacheni akae. Mama mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame wala kutembea, hata kama anasema anajisikia nafuu. Gari ni bora kuliko bodaboda, maana ndani yake anaweza kulala. Kabla ya kuondoka, pigeni simu kituoni ili wajiandae.

Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya aleji vya dukani hupunguza muwasho tu. Haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hiyo. Akipata nafuu, akubali kubaki chini ya uangalizi, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Aliyeumwa na wadudu wengi, hasa mtoto au mzee, apelekwe hata kama hana mzio, kwani sumu nyingi huharibu figo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito katika siku zinazofuata, arudi haraka. Aende pia aliyeumwa mdomoni, kooni au jichoni.

Aliyewahi kupata mzio mkali asipande tena miti kupogoa. Amwachie kazi hiyo ndugu au jirani, na familia yote ijue sababu.

Tawi litasubiri kesho. Pumzi haisubiri.