Kisiwa cha Msumbiji kwa baiskeli

Baiskeli niliyokodi ilikuwa na breki moja, ya nyuma, nayo ilishika ilipopenda. Sikujali. Kisiwa cha Msumbiji kina urefu wa kilomita 3 hivi, na upana wake haufiki hata kilomita moja. Daraja linalokiunga na bara ni refu kuliko kisiwa chenyewe. Hapo mtu atapotelea wapi?

Nilianzia ncha ya kaskazini, kwenye ngome ya São Sebastião, na nyuma yake kikanisa cha Wareno cha 1522 kinachotazama bahari peke yake. Waholanzi waliizingira ngome hii mwaka 1607, wakarudi tena 1608, na mara zote mbili wakaondoka mikono mitupu. Mji ukabaki makao makuu ya Wareno hadi 1898, serikali ilipohamia Lourenço Marques, Maputo ya leo. Utajiri wake ulitokana na dhahabu, pembe, na watu waliouzwa ng'ambo.

Mimi nilivutiwa na mapaa. Nyumba za mawe zina mapaa bapa, si kwa urembo. Kisiwa kina shida ya maji matamu tangu enzi, basi mvua hukingwa juu ikateremshwa hadi kwenye birika. Birika la ngome limewanywesha watu karne kwa karne.

Nikanyonga kuelekea kusini, nikaupita msikiti wa kijani, kisha nikakata kona kuingia mtaa wa makuti. Lo! Kichochoro kiliporomoka chini yangu. Breki ikakataa, nikaburuza ndala hadi nikasimama mbele ya mzee aliyekuwa akishona wavu.

“Salama,” akasema. Ndiyo salamu ya huku, kwa Wamakua wa pwani kama kwetu.

“Salama, mzee. Shikamoo.”

Akacheka. “Shuka, mwanangu. Huku tunasukuma.”

Nilipogeuka kutazama nilikotoka, barabara ilikuwa usawa wa mapaa ya nyumba. Mtaa mzima umekaa shimoni, kwa sababu matumbawe yaliyojenga majumba ya kaskazini yalichimbwa hapa. Kila ghorofa kule ina tundu lake huku. Wageni hupiga picha kule; watu wengi wa kisiwa wanaishi huku, na masika maji hutuama milangoni mwao.

Lakini kisiwa kinapumulia huku. Kizingitini mwanamke alikuwa akisugua kijiti cha msiro juu ya jiwe, akidondosha maji kwa ncha za vidole, hadi uji mweupe ukatokea. Akajipaka usoni taratibu, akiacha macho na midomo. Zamani, wanasema, namna ya kujipaka ilieleza kama mtu ni mwali au ameolewa; siku hizi kila mmoja hujipaka, ngozi ilainike. Uani kwa jirani wanawake walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma ya tufo, wamevaa kapulana, leso za huku, za sare, wamepiga magoti, mabega na mikono tu ndiyo inayocheza. Aliyezoea maulidi ya Lamu au Unguja atazitambua ngoma zile: ni madufu.

Kurudi juu barabarani nilisukuma. Mnyororo ukachomoka katikati ya mwinuko, nikachutama kuurudisha, vidole vikajaa grisi nyeusi. Binti mmoja mwenye uso mweupe pepepe akanitazama mikono, akaangua kicheko, akaingia ndani kuniletea kopo la maji na kipande cha sabuni.