Ngazi za Chuma za Tofana

Alfajiri ya tarehe 11 Julai 1916, wanajeshi wa Italia walilipua tani 35 za vilipuzi chini ya Castelletto, jabali lililojitokeza ubavuni mwa mlima Tofana di Rozes, katika milima ya Dolomiti kaskazini mwa Italia. Juu yake walijichimbia askari wa Austria na Hungaria. Handaki walilolichimba Waitaliano ndani ya mwamba bado lipo, na ndilo lango la Giovanni Lipella, mojawapo ya njia za chuma zinazopendwa zaidi katika milima hiyo.

Mpandaji huingia gizani akiwa na taa kichwani, akakwea ngazi zenye mwinuko mkali, kisha akatokea upande wa pili wa jabali. Hapo waya mnene wa chuma huanza. Umefungwa kwenye mwamba kwa vyuma vilivyopigiliwa kila baada ya mita chache, nao hupita genge baada ya genge hadi karibu na kilele, mita 3,225 juu ya usawa wa bahari.

Vita havikuanzisha ufundi huu. Mwaka 1843 Friedrich Simony alikwisha kuweka vyuma na kamba kwenye mlima Dachstein, Austria. Hata Mlima Kenya una vyuma vya aina hiyo, karibu na kilele cha Lenana.

Lakini waya huo huwadanganya wageni. Kwa kuwa wameufungia mikanda yao kwa ndoana, hudhani kuanguka si kitu. Kinyume chake, anayeteleza huporomoka pamoja na ndoana zake hadi kwenye chuma cha chini yake, na hapo husimamishwa ghafla. Anaweza kuporomoka mita kadhaa, ilhali kamba iliyomshika haifiki hata mita moja. Mshtuko huo ni mkali kuliko ule wa mpanda miamba wa kawaida, ambaye kamba yake ndefu hunyumbuka.

Ndiyo sababu kati ya mwili na ndoana huwekwa utepe uliokunjwa na kushonwa, ambao nyuzi zake hukatika kidogo kidogo na kupunguza kishindo. Vifaa vya sasa hutengenezwa kwa watu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto mwepesi hawezi kuufumua utepe huo inavyotakiwa, hivyo ni lazima mtu mzima aliye juu amshike kwa kamba nyingine. Ndoana zenyewe ni mbili, na kwenye kila chuma huhamishwa moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja.

Hatari nyingine ni radi, kwani waya hupitisha umeme, na mvua za ngurumo za kiangazi hupenda kuja alasiri. Wazoefu huondoka mapema asubuhi. Kwenye njia ya Lipella, wakiona mawingu yakikusanyika wafikapo mahali paitwapo Tre Dita, hutoka kwenye njia na kushika ile iendayo kibanda cha Giussani, badala ya kuendelea na kuta za juu, ambazo ni ngumu zaidi na mara nyingi huwa na maji au barafu.